Siku ya Saba ya Mzee Miraji

Kompyuta ya msikiti ilianza kufanya itakavyo saa kumi na nusu jioni, siku ya ishirini na tatu ya Ramadhani, na aliyeiruhusu ni Nasrudin mwenyewe, kwa kidole chake, akidhani anaikataza.

Dirisha lilikuwa limejitokeza katikati ya skrini: toleo jipya la kompyuta na programu zake liko tayari, chagua Sasa Hivi au Baadaye Leo. Hapana haikuwepo. Nasrudin hutengeneza kompyuta za wanafunzi karibu na lango la chuo hapo Njoro, na hila hizi anazijua vizuri. Akaenda pembeni kwenye ile X ndogo ya kufungia dirisha, akabonyeza, akageuka kutandika mkeka. Kumbe waliounda dirisha lile walikuwa wameshaamua kwamba anayelifunga amekubali. Ndiyo adabu mpya hiyo: unamfungia mgeni mlango, naye anaingia na mizigo yake akikushukuru kwa kumkaribisha.

Aliporudi, skrini yote ilikuwa buluu. "Tunasasisha kompyuta yako. Usizime. Asilimia 2."

"Haki ya Mungu," Nasrudin alisema.

Magharibi siku hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa. Ikifika hapo, kompyuta ile ndiyo ipigayo king'ora cha futari, na king'ora kisipolia, Waislamu wa Njoro hawali. Si kwamba hawana simu. Wanazo, na ndizo zilizoleta balaa. Miaka miwili nyuma kila mtu alikuwa akifuturu na simu yake, huyu ameshakunywa uji, yule bado anameza mate, mpaka siku moja ndugu wawili, toka nitoke, wakashikana mashati kwa ajili ya dakika tatu. Kamati ikaketi ikaamua: simu zizimwe ndani ya msikiti, na mtaa mzima, kuanzia stesheni ya zamani hadi kwenye maghala ya ngano, ufuate sauti moja. Msikiti ni huo mmoja tu hapo, kwa hiyo hakuna wa kuwachanganya. Tangu hapo hata mama aliye jikoni na sambusa mkononi husubiri king'ora.

King'ora kikilia, Mzee Miraji huadhini. Huyu ni baba yake Nasrudin, mjukuu wa fundi wa reli aliyetoka Mombasa, na muadhini wa msikiti ule kwa miaka arobaini na moja. Kwa mambo ya saa alikuwa mkali kupita kiasi. Nasrudin akiwa mdogo, redio ya bibi yake ilikuwa ikirusha adhana ya Mombasa, na mtoto aliyenyoosha mkono kwenye sahani ya tende alichapwa vidole papo hapo: "Hiyo ni ya Mombasa! Jua la Mombasa si letu!" Pwani jua hutangulia kuzama, na wao huku Bonde la Ufa walingoja dakika kumi na nne nzima wakizitazama zile tende. Watoto wa nyumba ile waliijua jiografia hiyo kabla ya kujua kusoma.

Na alikuwa na jambo jingine. Baada ya Idi, wenye moyo hufunga siku sita za Shawali. Mzee Miraji hufunga saba. Kila mwaka saba. Ukimuuliza, anasema, "Hesabu yangu mbaya," na kuendelea na shughuli zake. Familia ilimtania kwa hilo hadi utani wenyewe ukazeeka.

Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa na macho yake yameingia ukungu. Hakuiona saa tena, hata iwe ya ukutani. Ndiyo maana Nasrudin alileta kompyuta, akaiunganisha na televisheni kubwa na kipaza sauti, akaitilia programu ya bure ya nyakati za sala. Ya bure, ndiyo, lakini yenye matangazo yanayopita chini ya skrini. Ijumaa ya kwanza, imamu akihutubia juu ya mali ya haramu, nyuma yake likapita tangazo la kamari lenye msichana anayecheka hadi magego. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Salmin, nusura aing'oe televisheni ukutani. Nasrudin alikata kadibodi ya katoni ya maziwa akaibandika sehemu yote ya chini ya skrini. Matangazo yakaendelea kupita huko nyuma ya kadibodi na hakuna aliyeyaona tena. Alijisifu sana kwa kadibodi ile.

"Adhana ni amana," Mzee Miraji alimwambia siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza. "Mimi sioni. Nikisema jua limetua, ni wewe umesema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

Saa kumi na moja na robo, asilimia 19. Nasrudin alitoka hadi barazani akampigia Odongo, mwenzake wa dukani.

"Niaje boss," alisema Odongo. "Mbona unahema hivyo?"

"Mashine ya msikiti imeanza kujiapdeti. Sijaiambia. Nilibonyeza X tu."

"Aaah! Ulibonyeza X?" Odongo alicheka, kisha akaona si jambo la kucheka. "Hiyo X siku hizi ni mtego, boss. Si nilikuambia hiyo kitu ukae umeitoa kwa internet?"

"Nikiizima saa hii je?"

"Wee! Usiguse! Ukizima katikati imekufa kabisa. Wacha imalize. Inatumia internet ya nani?"

"Ya simu yangu."

"Basi weka simu kwa chaji na uombe Mungu."

Chaja aliiacha dukani. Kuomba Mungu ndiko kulikobaki, na aliomba kweli, ameegemea nguzo, akimtazama kwa jicho moja yule mdudu wa duara anayezunguka kwenye skrini. Aliogopa kwa sababu moja tu. Mtu mmoja duniani alikuwa amempa macho yake ayashike, na mtu huyo alikuwa ameketi pale mbele, kanzu safi, mkono kwenye tasbihi, bila wasiwasi wowote.

Kufikia saa kumi na mbili mawingu yalishuka kutoka upande wa msitu wa Mau, giza likaingia kabla ya wakati wake, na mvua ikaanza kuyapiga mabati. Watu wakaja wakikung'uta makoti. Mkeka mrefu ukajaa sahani za tende, mahamri, viazi karai, na birika tatu za uji wa pilipili manga. Nyuma ya pazia la wanawake sauti ya Hadiya, dada yake Nasrudin, ilikuwa ikigawa vikombe na amri kwa pamoja.

"Mashine yako imeamka?" aliuliza Mzee Miraji.

"Bado, Baba. Asilimia sitini na nane."

"Sitini na nane ya nini?"

Mzee Salmin alimjia Nasrudin karibu akamnong'oneza, "Nasru, hii kitu ikituaibisha leo, kesho naibeba mwenyewe naitupa kwa mto. Ya bure, ya bure! Tulikuambia."

"Saa ikifika kumi na mbili na arobaini haijaamka, nitaazima saa yako, mwenyekiti."

"Saa yangu iko. Wewe ndiye sijui kama uko."

Simu ya Nasrudin ilikufa kompyuta ikiwa asilimia 91. Skrini ikawa nyeusi. Ikawaka. Ikawa nyeusi tena, na safari hii ikakaa, ikakaa. Kisha televisheni ikang'aa rangi ya kijani ambayo hakuwahi kuiona, na katikati yake tarakimu kubwa kama sahani: "Futari baada ya 00:06:40." Sekunde zikishuka moja moja. Mengine yote yalikuwa yamehamishiwa chini, nyuma ya kadibodi, na Nasrudin hakuyajali.

"Imeamka, Baba! Imebaki dakika sita."

Mzee Miraji aliinua uso. "Sita? Leo imekuja mbio."

"Ni hii mvua, Baba. Giza limetangulia."

"Haya."

King'ora kililia. Mzee Miraji akashikwa mkono hadi kwenye kipaza sauti, akaadhini kwa sauti yake nyembamba ya uzee, na adhana ikapita juu ya mabati na mvua hadi maghalani. Watu wakasema bismillahi. Wapo walioona kwamba leo ni mapema, lakini mwenye njaa haulizi saa, na kamati si ndiyo ijuayo? Tende zikaenda midomoni. Mzee alirudishwa mahali pake, akapewa yake, akaanza kuitafuna polepole upande wenye meno.

Ndipo skrini ikabadilika. Zile tarakimu ziliondoka, na likatokea tangazo lililoshuka na toleo jipya, si chini tena bali televisheni nzima, sinia la biriani linalofuka moshi: "Futari imefika! Biriani ya kuku hadi mlangoni pako, Nyali na Bamburi, kwa dakika kumi tu!"

Watu walicheka. Mtu mmoja akauliza kama wanaweza kuileta hadi Njoro kabla haijapoa. Nasrudin naye alicheka, tende ikiwa shavuni. Kisha kicheko kikamkauka. Aliyasoma yale maneno tena. Nyali. Bamburi. Matangazo haya humfuata mtu alipo, yeye ndiye huwaeleza wanafunzi hivyo kila siku. Huyu mwenye biriani alidhani anazungumza na watu wa wapi?

Aliiendea televisheni mbele ya watu wote akaing'oa kadibodi. Chini yake, kwa herufi ndogo nyeupe, palikuwa na jina la mji na saa. Mombasa. 6:36.

Toleo jipya lilikuwa limesahau kila alicholiambia lile la zamani. Lilijichagulia mji lenyewe, na kadibodi ya Nasrudin, ile aliyojisifia, ndiyo iliyouficha. Aliitema tende kiganjani. Vidole vyake vikahisi kile kichapo cha utotoni, miaka zaidi ya thelathini imepita, vikauma kweli.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya chini. "Saa yako inasemaje?"

Mzee Salmin alitazama mkono. Akatazama tena. Uso ukambadilika, akamvuta Nasrudin hadi nyuma ya nguzo.

"Ni thelathini na saba," alisema. "Tumewalisha watu mchana."

"Nipe maiki."

"Ngoja kwanza. Tumia akili. Watu wameshakula. Huwezi kuitoa tumboni. Wacha leo ipite, kesho rekebisha hiyo takataka yako kimyakimya."

"Kuna ambao bado hawajala. Wa zamu ya mchana kule maghalani ndio sasa wanafika nyumbani. Kila dakika mwingine anatia mkono kwa sahani."

"Na huyo je?" Salmin alielekeza kidevu kwa Mzee Miraji. "Ameadhini na mdomo wake. Arobaini na moja miaka hakuna mtu amewahi kumnyooshea kidole. Unataka kumvua nguo mbele ya mtaa mzima, mzazi wako? Ramadhani ngapi zimebakia yeye? Nyamaza, Nasru. Nani atajua?"

Hapo Salmin alipiga penyewe. Nasrudin alimtazama baba yake akilamba vidole kwa utulivu, uso umeelekea palipo na sauti za watu wake, na akatamani kunyamaza kwa mwili mzima. Ingekuwa rahisi mno. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini wakati mwingine ni fupi kwa uzuri, hatua mbili tu na umefika nyumbani ukale biriani. Nyuma ya pazia alimsikia Hadiya akiuliza nani hajapata uji. Hadiya hali mpaka kila mtu ale. Kwa hiyo bado. Ana dakika moja labda, kisha naye ataketi na kuinua kikombe chake, kwa neno la nani?

Ni wewe umesema.

Alimpita Salmin akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani, naomba mnisikilize. Mimi ni Nasrudin wa Miraji. Acheni kula. Nasema acheni. Jua halijatua. Mashine imepiga king'ora cha saa ya Mombasa. Kosa ni langu mimi, si la muadhini. Kama hujala, ngoja. Kama umekula, acha hapo hapo, na siku ya leo utailipa baada ya Idi. Imebaki dakika kumi na moja."

Sauti yake ilitoka nje ikaenda na mvua. Ndani ya msikiti hakuna aliyemeza. Mtu mmoja aliweka kikombe chini taratibu. Nyuma ya pazia mwanamke alisema, "Yarabi, ya Mombasa tena?" na akanyamazishwa. Kisha fundi wa baiskeli aliyekaa karibu na mlango, mtu mpole siku zote, akasimama.

"Siku ishirini na tatu nafunga na vidonda vya tumbo," alisema. "Ishirini na tatu! Halafu mnanipea saa ya Mombasa?"

"Nisamehe," Nasrudin alisema.

"Nikusamehe mimi? Mimi nitailipa na tumbo gani?"

Fundi akakaa, akajifunika uso.

Mzee Miraji alikuwa ameacha kutafuna. Aliingiza vidole viwili mdomoni, akaitoa ile nusu ya tende, akaifunga kwenye leso na kuiweka mfukoni mwa kanzu. Nasrudin alipiga magoti mbele yake.

"Baba, ni mimi. Nilibonyeza bila kusoma. Sikuangalia saa."

Mkono wa mzee ulirudi kwenye tasbihi lakini shanga hazikusogea. Dakika tisa walikaa hivyo, watu sitini mbele ya chakula, hakuna anayemtazama mwenzake. Uji ukafanya ngozi juu. Nasrudin alikuwa na saa ya Salmin mkononi na hakuthubutu kuondoa macho kwenye mshale wake. Mchuma janga hula na wa kwao, alijiambia, na leo wa kwao walikuwa wamekula kweli.

Arobaini na saba. Mzee Miraji akanyoosha mkono.

"Niinueni. Nipeni kipaza."

"Bado dakika mbili, Baba."

"Najua. Nataka hizo mbili."

Alisimama akiwa ameshika bega la mwanawe.

"Assalamu alaikum," alisema, na nje huko mitaani watu waliokuwa wanalalamika wakanyamaza. "Mwanangu amesema kosa ni lake. Ni kweli. Akasema si la muadhini. Hapo amekosea. Mwaka wa tisini na nne, Ramadhani kama hii, mvua kama hii, saa yangu ilikuwa mbovu, inakimbia. Niliadhini dakika kumi kabla ya jua kutua. Nililiona jua mwenyewe, mawingu yaliachana nikiwa katikati ya adhana, likanipiga usoni. Nikaendelea. Nikamaliza. Nikaingia ndani nikawakuta mnakula. Wewe Salmin ulikuwa kijana, ulikuwa unakula mahamri. Nikajiambia, nani atajua?"

Mzee Salmin alitazama mkeka.

"Ile siku yangu ya saba mnayonichekea, ni ya siku hiyo. Nimeilipa zaidi ya mara thelathini na haiishi, kwa sababu nalipa yangu peke yangu. Ya kwenu niliwaficha. Wengine mmewazika wakiwa hawajui. Leo mtoto wangu amekaa na hilo jambo dakika mbili tu, limemshinda kulibeba. Mimi nimelibeba miaka yote hii nikidhani huo ndio uanaume." Alivuta pumzi. "Basi wote mliofuturu na mimi mwaka ule, baada ya Idi mna siku mbili, ya mwaka ule na ya leo."

Yule fundi wa baiskeli alikuwa ameondoa mikono usoni na anamtazama mzee kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

"Nasru," Mzee Miraji alisema, nje ya kipaza sauti. "Sasa?"

Nasrudin alingoja mshale ufike. Alingoja na sekunde kumi zaidi.

"Sasa, Baba."

"Ni wewe umesema?"

"Ni mimi nimesema."

Mzee akaadhini. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili alirudi akakianza kifungu kile upya, mpaka akamaliza. Hakuna mkono ulioenda kwenye sahani, wala mbele ya pazia wala nyuma yake. Nasrudin aliokota tende moja, akaitoa kokwa, akaiweka kiganjani mwa baba yake. Mzee Miraji akala. Ndipo na wengine wakala.